Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tumbo lina nini ndani na chakula kinaenda wapi ukishameza

Nafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya mmeng'enyo wa chakula maswali hayaishi, afu sio ya wanafunzi tu, hata wazazi wakija kuchukua ripoti wananivuta pembeni, "mwalimu samahani, hivi hili tumbo langu..." Nimeamua kuyakusanya hapa yale yanayojirudia. Utaona kuna jambo nalirudia rudia kwenye majibu, nalo ni hili: tuna neno moja tu, tumbo, na tunalitumia kwa kila kilichopo kati ya mbavu na nyonga, wakati humo ndani kuna viungo kibao, kila kimoja na kazi yake na kila kimoja kinauma kivyake. Mtu anaingia duka la dawa anasema "tumbo linauma", anapewa dawa ya tumbo, anaondoka. Tumbo lipi sasa? Mimi ni mwalimu sio daktari, dawa sitakuandikia, ila ukishajua kipi kiko wapi hata kujieleza hospitali inakuwa rahisi.

Kwani tumbo si ndo hili hapa mbele?

Hilo la mbele ni ukuta tu, ngozi na mafuta na misuli. Vitu viko nyuma yake. Weka kiganja pale mbavu zinapokutana chini ya kifua, pale wazee wanapaita chembe ya moyo. Jina linapoteza watu, pale moyo haupo, moyo uko juu yake. Kuanzia pale kuelekea kushoto, umefichwa kidogo na mbavu, ndo kuna mfuko wa chakula, yaani tumbo lenyewe kwa maana ya baiolojia, na wengi wanashangaa kwamba kumbe liko juu hivyo. Kulia chini ya mbavu kuna ini, kubwa kweli, kama kilo moja na nusu kwa mtu mzima, na mfuko wa nyongo umejibanza chini yake. Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, ndo maana likiugua watu husema maumivu yanatoboa mpaka mgongoni.

Pale kitovuni na kuzunguka ni utumbo mdogo umejikunja kunja, na utumbo mpana umeuzunguka kama fremu ya picha: unaanzia chini kulia, unapanda, unakatiza kwenda kushoto, unashuka. Kidole tumbo kinaning'inia pale chini kulia unapoanzia. Kwa hiyo ukiniambia "tumbo linauma" nitakuomba kwanza uonyeshe kwa kidole kimoja, sio kiganja kizima.

Chakula kinaanza kumeng'enywa wapi?

Mdomoni, na unaweza kujipima leo hii. Chukua kipande cha muhogo wa kuchemsha au ugali mkavu, bila mboga, tafuna usimeze, hesabu mpaka dakika moja au mbili. Utaanza kusikia utamu. Huo utamu haukuwepo kwenye ugali, ni mate yako yana kimeng'enya kinaitwa amilesi kinachokata wanga kuwa sukari. Darasani huwa nafanya hili zoezi na kila mara kuna mtoto anashtuka.

Mate yanatoka kwenye jozi tatu kubwa za tezi, na kwa siku unatoa kama lita moja mpaka moja na nusu. Jozi kubwa zaidi iko mbele na chini ya masikio, ndo ile inayovimba mtoto akipata matubwitubwi.

Mbona ninapaliwa nikiongea huku nakula?

Kwa sababu njia ya hewa na njia ya chakula zinapishana kwenye koromeo. Ukimeza, kuna kifuniko kinaitwa kidakatonge kinafunika njia ya hewa kwa muda mfupi tu tonge lipite. Ukicheka au ukivuta pumzi ya kuongea sekunde ile ile, kifuniko kiko wazi, punje ya wali inaingia upande usio wake na mwili unaitimua kwa kukohoa. Bibi aliyekukataza kuongea na chakula mdomoni alikuwa na sababu kubwa kuliko adabu.

Likishapita hapo tonge linaingia kwenye umio, bomba la misuli la kama sentimita 25. Halidondoki kama maji kwenye paipu, misuli inalibana nyuma na kulegea mbele, inalisukuma kama unavyokamua dawa ya meno. Ndo maana mtu akisimama kichwa chini miguu juu bado anaweza kumeza.

Ugali na maharage niliyokula saa saba mchana, saa hizi viko wapi?

Swali zuri sana hili. Mdomoni vilikaa dakika moja hivi, kwenye umio sekunde kama kumi. Kwenye mfuko wa chakula masaa mawili mpaka manne, na kama ulikula mafuta mengi, chipsi au nyama yenye shahamu, zaidi ya hapo, kwa sababu mafuta yakishafika utumbo mdogo yanapeleka taarifa kwamba mlango ufunguliwe taratibu. Utumbo mdogo masaa matatu mpaka sita. Kwa hiyo kuanzia jioni mpaka usiku ndo mabaki yanaingia utumbo mpana, na humo ndo kuna foleni, nusu siku kwa mtu mmoja, siku mbili au zaidi kwa mwingine.

Hapa ndo namjibu yule anayesema "mimi nikila tu naenda chooni, chakula kinapita moja kwa moja". Hakijapita. Mfuko wa chakula ukijaa unaupa utumbo mpana ishara utoe nafasi, kwa hiyo unachokitoa ni cha jana au juzi. Kwa watoto wachanga hii ishara ina nguvu sana, mama yeyote anajua, akimaliza kunyonyesha tu nepi imejaa.

Asidi ya tumboni ni kali kweli, au ni maneno ya kwenye vitabu?

Ni kali. pH yake, yaani kipimo cha ukali ambacho namba ikiwa ndogo ndo asidi kali zaidi, inacheza kati ya 1.5 na 3.5, ndimu ni kama 2. Kazi yake ni kuua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula na kuamsha pepsini, kimeng'enya kinachoanza kukata protini za nyama na maharage. Wewe mwenyewe huungui kwa sababu ukuta wa ndani umepakwa ute mzito, na seli zake zinabadilishwa kila baada ya siku chache.

Tulijuaje haya? Kuna kisa kimoja huwa nakisimulia kila mwaka. Mwaka 1822, kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja mfanyakazi wa biashara ya manyoya anaitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki kwa bahati mbaya, kwa karibu sana, ubavuni. Daktari wa jeshi William Beaumont alimtibu akidhani atakufa, hakufa, ila jeraha lilipona likaacha tundu linaloingia mpaka kwenye mfuko wa chakula. Kuanzia 1825 Beaumont akawa anafunga vipande vya nyama na mkate kwenye uzi wa hariri, anavipitisha kwenye lile tundu, anavivuta baada ya saa moja, mbili, anaangalia vimeyeyuka kiasi gani. Akachota ule maji maji akaweka nyama ndani ya chupa, ikayeyuka hata nje ya mwili, ikawa ushahidi kwamba sio kusagwa tu, kuna kemikali inayofanya kazi. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika mmeng'enyo unavurugika. Kitabu chake kilitoka 1833. Mimi namhurumia sana yule kijana, alikuwa maskini na alilipwa akae afanyiwe yale, na sisi wote tunafaidi. Aliishi mpaka 1880 na tundu lake.

Vidonda vya tumbo si vinaletwa na pilipili, mawazo na kukaa na njaa?

Hili ndo nataka nikae nalo kidogo maana limewaumiza watu ninaowapenda. Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini hivyo. Afu Waaustralia wawili wa Perth, Robin Warren na Barry Marshall, wakaona bakteria wa umbo la kujipinda kwenye vipimo vya wagonjwa, leo tunamwita H. pylori. Hakuna aliyewasikiliza, wote walijua hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye asidi ile. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa hao bakteria yeye mwenyewe, ndani ya siku chache akaanza kichefuchefu na kutapika, wakampima wakakuta ukuta wa mfuko wa chakula umevimba na bakteria wamejaa. 2005 wakapewa tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo sababu kubwa mbili za vidonda ni H. pylori na dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Hii ya pili naomba uisome tena. Mtu mgongo unamuuma anameza diklofenaki kila siku miezi sita, hajaandikiwa na mtu, hizo dawa zinapunguza ule ute unaolinda ukuta, anapata kidonda, afu analaumu pilipili. Mama mmoja jirani yangu aliacha pilipili, akaacha maharage, akaacha machungwa, akaacha chai ya rangi, akabaki anakula kama mgonjwa wa wodini, na vidonge vya goti anameza kama kawaida. Alikuja kutapika damu.

Pilipili ikigusa kidonda kilichopo inaweza kuuma, hilo sibishi, na mawazo na sigara vinaongeza tabu. Lakini kuacha pilipili hakumuui bakteria. Kuna kipimo, cha choo au cha pumzi au kamera, na akikutwa yupo kuna mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi, unamezwa siku kadhaa, mara nyingi 10 mpaka 14, na dozi inamalizwa hata kama umepata nafuu siku ya tatu. Maziwa nayo yanatuliza kwa muda mfupi tu, baadae yanachochea asidi nyingine.

Kiungulia nacho ni vidonda?

Hapana, ni vitu viwili tofauti. Mwisho wa umio kuna msuli wa duara, kama kamba ya kufunga mdomo wa mfuko. Ukilegea, asidi inapanda kwenye umio ambao hauna ule ute wa kuulinda, unasikia moto kifuani na uchachu kooni. Kulala ukiwa umeshiba, kula kupita kiasi, pombe na sigara vinachangia, na kwa wajawazito homoni zinalegeza ule msuli huku mtoto anasukuma kutoka chini. Kula mapema, inua kichwa cha kitanda. Ila maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkono au taya, na jasho, hayo usiyaite kiungulia, kimbia hospitali.

Mtu akikatwa mfuko wote wa chakula anaishi?

Anaishi. Daktari mpasuaji Karl Schlatter alifanya upasuaji huo Zurich, Uswisi, mwaka 1897, akaunganisha umio na utumbo mdogo, mgonjwa akapona na akala. Leo wanaofanyiwa kwa sababu ya saratani wanakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku na wanachomwa sindano za vitamini B12 maisha yao yote, kwa sababu mfuko wa chakula ndo unatengeneza kitu kinachosaidia hiyo vitamini ifyonzwe. Lakini utumbo mdogo ukiuondoa wote mtu hawezi kuishi kwa kula, itabidi alishwe kupitia mshipa. Tunauimba mfuko wa chakula, kazi kubwa inafanyika kwingine.

Sasa huo utumbo mdogo unafanya nini cha ajabu?

Kila kitu karibu. Unaitwa mdogo kwa upana tu, sentimita mbili na nusu hivi, urefu wake ukipimwa kwa maiti ni kama mita 6, kwa mtu aliye hai ni mfupi zaidi kwa kuwa misuli imejikaza. Ndani sio laini kama bomba la plastiki, ni mikunjo, na juu ya mikunjo kuna vinyweleo vya nyama, na juu ya kila seli kuna vinyweleo vingine vidogo zaidi vya kuonekana kwa hadubini tu. Wapenzi wa supu wanalijua lile pande wanaloita taulo, lile ni la mfuko wa ng'ombe, ila picha ya manyoya manyoya ndo hiyo. Zamani vitabu vilisema ukiutandaza ni kama uwanja wa tenisi na mimi nimewafundisha watoto hivyo miaka mingi, mpaka watafiti wa Gothenburg, Sweden, walipopima upya mwaka 2014 wakakuta njia nzima ya chakula ni kama mita 30 za mraba. Sio tenisi basi, nusu ya uwanja wa badminton. Bado ni sebule kubwa, imekunjwa ndani yako.

Hapo ndo wanga unamaliza kukatwa kuwa sukari rahisi, protini kuwa asidi amino, mafuta kuwa vipande vidogo. Sukari na asidi amino vinaingia kwenye damu na mshipa mmoja mkubwa unavipeleka vyote kwenye ini kwanza kabla ya mwili mwingine. Mafuta yanapita njia ya limfu, yaani mirija ya maji maji ya mwili iliyo tofauti na mishipa ya damu, yanazunguka mpaka karibu na shingo ndo yanaingia kwenye damu.

Ini, nyongo na kongosho chakula hakipiti humo, sasa vinahusika vipi?

Kweli hakipiti, vinamwaga vitu vyao kwenye kipande cha kwanza cha utumbo mdogo, kinaitwa duodenamu, kama sentimita 25. Umewahi kuosha sufuria ya pilau kwa maji matupu? Mafuta yanazunguka tu hayatoki. Ukiweka sabuni yanavunjika vunjika. Nyongo ndo hiyo sabuni. Inatengenezwa na ini, mfuko wa nyongo unaitunza tu na kuikoleza, ukila mafuta unaiminya itoke. Ndo maana mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo anaumwa kulia chini ya mbavu baada ya kula vya mafuta, na ndo maana mfuko ukitolewa maisha yanaendelea, ini bado linatoa nyongo. Kongosho linaleta vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta vyote vitatu, na linaleta magadi ya kuzima asidi iliyotoka juu, na insulini ni lenyewe pia linatoa ila inaingia kwenye damu.

Nikitapika nyongo si ndo malaria yenyewe?

Hapana jamani. Ukitapika tumbo likiwa tupu, kinachobaki kutoka ni nyongo iliyorudi nyuma kutoka duodenamu, njano au kijani, chungu. Inaweza kuwa malaria, mimba, chakula kibovu, chochote. Rangi ile haikuambii ugonjwa, kipimo cha damu ndo kinakuambia.

Maziwa yananijaza gesi na kuharisha, nina mzio?

Inawezekana sio mzio, ni upungufu wa laktesi, kimeng'enya kinachokata sukari ya maziwa. Karibu watoto wote wanazaliwa nacho, na watu wengi duniani kinapungua wakikua. Sukari isipokatwa inafika utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, gesi hiyo. Lakini jamii zilizofuga ng'ombe kwa maelfu ya miaka zilibaki nacho ukubwani, na mwaka 2007 timu ya mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff, iliyopima watu Tanzania, Kenya na Sudan, ilionyesha kwamba mabadiliko ya jeni waliyokuta kwa wafugaji wa huku ni tofauti na yale ya Wazungu, yaani yalitokea yenyewe hapa kwetu. Jaribu mtindi, kwenye kuganda bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari, wengi unawakubali.

Maharage nayo?

Yana aina ya sukari ambayo binadamu yeyote hana kimeng'enya chake, sio wewe tu. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Inapungua. Na kutoa hewa mara kumi mpaka ishirini kwa siku ni kawaida kabisa.

Ni kweli mchanga kwenye mchicha au mbegu za mapera zinaleta kidole tumbo?

Hofu hii kila nyumba ipo. Ni nadra sana kukuta mbegu imehusika. Mara nyingi mlango wa kile kijikidole unazibwa na choo kigumu au tishu za kinga zikivimba, ndani panajaa, panaoza. Unachotakiwa kukijua ni mwendo wa maumivu: mara nyingi yanaanza kitovuni, hayaeleweki, afu ndani ya masaa yanahamia chini kulia na yanakuwa makali ukitembea au ukikohoa, na hamu ya kula inaisha. Usimpe mtu huyo dawa ya kumfanya aharishe, usimkande na maji ya moto ukisubiri asubuhi. Kikipasuka usaha unasambaa tumbo zima.

Utumbo mpana ni wa kutunzia uchafu tu?

Wanafunzi wote wanajibu hivyo kwenye mtihani na nawakata maksi. Kwa siku moja njia ya chakula inapokea kama lita 9 za maji maji, mbili umekunywa na zingine saba ni mate, asidi, nyongo na maji ya kongosho na utumbo. Utumbo mdogo unarudisha nyingi mwilini, mpana unamalizia, zinazotoka nje ni kama robo lita au chini ya hapo. Afu humo wanaishi bakteria wengi mno, makadirio ya 2016 ni trilioni 38, karibu sawa na seli zako mwenyewe. Wanakula nyuzinyuzi tulizoshindwa kuzimeng'enya na wanatupa vitamini K na asidi ndogo ndogo zinazolisha ukuta wa utumbo.

Na hizo nyuzinyuzi umuhimu wake umeandikwa kutoka huku huku. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940, Mulago pale Kampala, akagundua kwamba magonjwa ya utumbo aliyoyazoea Uingereza hapa hayaoni. Baadae akalinganisha choo cha watu wa vijijini Afrika na cha Waingereza, cha huku kilikuwa kingi, laini, na kinapita haraka zaidi. Akawaambia watu wake wale nafaka zisizokobolewa. Inaniuma kuona sisi ndo tunakimbia dona na mtama tukidhani ni chakula cha shida, tunakula sembe nyeupe na chipsi, afu tunanunua dawa ya choo kigumu.

Vipi chai za kusafisha utumbo na kupunguza kitambi?

Nyingi zina majani ya sena, yanausukuma utumbo mpana utoe haraka. Fikiria mwenyewe ulivyosoma hapo juu: nguvu ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mdogo, sasa ukiharisha kutoka kwenye utumbo mpana umepoteza nini? Maji, chumvi na choo. Mzani unashuka kilo, ukinywa maji inarudi. Ukizitumia kila siku unapoteza potasiamu na utumbo unakuwa mvivu.

Mtoto akiharisha kwa nini apewe maji yenye sukari na chumvi, si yataongeza?

Kwa sababu kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna mlango unaofunguka kwa sukari na chumvi zikija pamoja, na zikiingia zinavuta maji. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza mlango huo mwaka 1960. Kipindupindu kinaufanya utumbo umwage maji lita kwa lita, lakini mlango huo hakiugusi. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilipoleta wakimbizi India, kambi ya Bangaon iliishiwa dripu, daktari Dilip Mahalanabis akachanganya sukari na chumvi kwenye mapipa na ndugu wa wagonjwa wakanywesha kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu watu 30 kwa kila 100 mpaka chini ya 4.

Pakiti za ORS, ule unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji, ziwepo nyumbani. Zikikosekana: maji safi na salama lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi. Kidogo kidogo, hata akitapika subiri dakika kumi uendelee, na anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakizama, halii machozi, hakojoi, amelegea, mpeleke hospitali huku unamnywesha njiani.

Nikifunga Ramadhani tumbo linapumzika?

Halizimi. Likishakuwa tupu linapitisha wimbi la misuli kila saa moja na nusu mpaka mbili kusukuma mabaki, na hewa na maji ndo vinatoa ule mngurumo. Ini linatoa sukari iliyotunza, baadae mwili unahamia kwenye mafuta. Shida ninayoiona ni saa ya kufuturu, kachori, bagia na sambusa ndani ya dakika tano juu ya tumbo lililokaa tupu masaa zaidi ya kumi na mbili, mafuta yanafunga mlango, watu wanajaa mpaka tarawehe inakuwa mateso. Tende na maji kwanza, uji, ukaswali, urudi mezani.

Mbegu ya chungwa niliyomeza itaota? Na bablishi?

Haioti, hamna udongo wala hewa ya kutosha humo. Bablishi haimeng'enywi lakini inasafiri na vingine na kutoka ndani ya siku chache. Isipokuwa mtoto asizoee kumeza nyingi, zikikusanyana zinaweza kuziba.

Rangi ya choo inasema chochote?

Inasema sana. Kahawia inatokana na seli nyekundu za damu, zinaishi kama siku 120, zikivunjwa ini linatupa mabaki yake kupitia nyongo. Kwa hiyo choo kikiwa cheupe kama udongo wa kichanga, tena macho ni ya njano na mkojo umekolea, nyongo haifiki utumboni, njia imeziba mahali. Kijani mara nyingi ni mboga au chakula kimepita haraka. Cheusi kinachonata kama lami na harufu nzito, kama humezi vidonge vya madini chuma, ni damu iliyotoka juu, kwenye mfuko wa chakula au duodenamu, imegeuzwa na asidi. Damu nyekundu mara nyingi inatoka chini, inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa saratani ya utumbo mpana, na kwa macho huwezi kutofautisha, hata mganga anayekuambia ameona. Mara ngapi kwa siku sio hoja, mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki vyote ni kawaida, hoja ni kama imebadilika ghafla na imekaa wiki kadhaa, au unapungua uzito bila kutaka. Ukifika kwa daktari usiseme tumbo. Mwambie rangi, mwambie imeanza lini, mtajie kila kidonge unachomeza hata cha goti, na umwonyeshe kwa kidole kimoja panapouma.